Gari Lililolala na Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala ufagio. Nilipewa nyundo ndogo ya mpini wa mti, nikaambiwa nilale chali chini ya lori la kubebea kahawa na nigonge.

"Nigonge nini, Fundi Mkuu?"

"Chuma. Gonga, sikiliza, halafu niambie kama kinaitika au kimenyamaza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi bodi, katika karakana ya shamba moja la kahawa juu kidogo ya Moshi mjini. Nilikuwa binti wa Old Moshi aliyevaa suruali ya kaka yake, na wanaume wa karakana walikuwa wameacha kazi zao wanaangalia miguu yangu ilivyojitokeza chini ya lori. Nikagonga. Sehemu moja ililia kwa sauti kali ya kengele. Mbele kidogo nikasikia mlio kama wa kupiga gunia la unga. Nikasema, "Hapa kimenyamaza." Fundi Mkuu akaleta bisibisi, akaisukuma pale pale, ikazama mpaka kwenye mpini. Akawageukia wale wanaume. "Jana mliniambia lori hili ni zima. Sasa mnamcheka nani?"

Bati la gari huoza kuanzia ndani, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Rangi inaweza kung'aa huku chini yake kutu imeshamaliza kila kitu. Kwa hiyo tulisikiliza kwanza, kisha tukakata kilichooza mpaka tufike kwenye chuma kizima, tukakunja bati jipya kwa mkono, tukalichomelea, tukasaga mshono. Puti ilikuja mwisho, tena kidogo sana. Puti ni ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, wa kusawazishia mabonde madogo. Siku hizi nawaona mafundi wanaanzia kwenye puti, na wanajisifu. Sina hamu ya kuzungumza nao.

Fundi Mkuu alikuwa Mlutheri wa Mwika, mwembamba, mkali, asiyejua kusifia. Tulikuwa tunaziba masikio kwa pamba tukinyoosha mabati, maana kelele ya nyundo kumi ndani ya banda la mabati haielezeki. Yeye hakuziba. Nilipomuuliza sababu akaniangalia kana kwamba nimetukana. "Nikiziba masikio nitafanya kazi gani?" Nikatoa pamba yangu siku hiyo hiyo, na sikuirudisha tena.

Meneja wa shamba alikuwa Mwingereza mrefu mwenye gari dogo la michezo la kwao: viti viwili, boneti ndefu, paa la turubai, rimu za spoku kama za baiskeli, rangi ya kijani iliyokolea. Lilikuwa chini mno kwa barabara zetu, na kila mara lilirudi karakana likiwa limekwaruzwa tumbo. Lilikuwa na kabureta mbili, na kabureta mbili lazima zivute hewa kwa usawa, la sivyo injini inakohoa. Fundi Mkuu alizisawazisha kwa kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akisikiliza mvumo wa hii, kisha wa ile, akigeuza skrubu kidogo kidogo huku amefumba macho. Hapo tu ndipo nilipomwona akitabasamu.

Meneja alipomaliza mkataba wake, gari lilikuwa limegoma. Alimwita Fundi Mkuu mbele yetu sote, akasema kwa Kiswahili chake cha shambani, "Hii gari wewe nasikiliza sana kuliko mimi naendesha. Chukua." Fundi Mkuu hakuwahi kumiliki hata pikipiki. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akauweka mfukoni, akaturudisha kazini kwa ukali kuliko kawaida.

Trekta la shamba ndilo lililolikokota mpaka Mwika. Sasa, nyumbani kwake ndani ya kihamba, lile shamba la ukoo, katikati ya migomba na mibuni, palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mvua ya mlima haikufika na sakafu yake ilikuwa imeinuliwa: banda la ng'ombe. Mkewe, Mama Aikande, aliwasogeza ng'ombe wake upande mmoja, kwa manung'uniko, na gari likaingia. Mpango ulikuwa rahisi. Akistaafu atalitengeneza.

Mimi nilihamishiwa karakana ya serikali mjini. Mhandisi wa Mkoa, aliyekuwa bosi wangu huko, alikuwa mtu wa taratibu. Alitugawia vikinga masikio vizuri kabisa, vya kufunika sikio lote. "Dada, vaa," aliniambia kila akipita. "Utakuja kunikumbuka." Nikavitundika kwenye msumari, vikakaa huko mpaka vikaliwa na panya. Nilikuwa mwanafunzi wa Fundi Mkuu, na mwanafunzi wa Fundi Mkuu husikiliza. Nilikuwa na kiburi, nasema wazi, na nilikifurahia.

Nilipostaafu serikalini nikafungua kibanda changu mtaa wa Pasua, Moshi, nikawa nanyoosha bajaji na milango ya Noah. Siku moja simu ikaita, ni Mama Aikande. Fundi Mkuu mwenyewe hakuwa akizungumza kwenye simu tena, kwa sababu hakuwa akisikia chochote.

"Anasema uje," aliniambia. "Anasema uje na nyundo."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani kwa sababu moyo wake umechoka, na hawakuwa na jingine la kumfanyia.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

Alisoma midomo yangu. "Marahaba, binti. Umezeeka."

Akanionyesha injini. Niseme ukweli, sijawahi kuona injini iliyofungwa vizuri vile. Tangu astaafu alikuwa akiifungua na kuifunga kwa spana za inchi, kwa sababu za milimita hazishiki nati za Kiingereza. Kila nati ilikuwa safi. Na juu ya bodi, kila Jumapili baada ya ibada, alikuwa akipitisha kitambaa chenye mafuta, rangi ile ya kijani bado inang'aa.

"Krismasi ukoo wote watapanda mlimani na magari yao," alisema kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia. "Kutoka Dar, kutoka Arusha. Wao wakipanda, mimi nitashuka. Naendesha mwenyewe, Mama Aikande kando yangu, mpaka Moshi mjini. Baada ya hapo hata nikifa sawa. Angalia bodi, lifunge, tuondoke."

Nikalala chali kwenye samadi, nikaanza na kizingiti cha mlango. Hicho ni mhimili wa bati uliofungwa kama boksi chini ya mlango, na katika gari lisilo na paa la chuma ndicho kinachoshikilia mbele na nyuma. Niligonga. Nikasogea, nikagonga tena. Nikapita upande wa kushoto wote, kisha wa kulia, kisha chesisi pale springi zinaposhika. Gunia la unga, mwanzo hadi mwisho. Bisibisi ilizama bila nguvu, ikatoka na tope la kahawia.

Miaka yote ile ng'ombe walikuwa wamesimama kando yake, mkojo ukitiririka chini yake, mvuke wake ukipanda na kuingia ndani ya maboksi ya bati, mahali ambapo kitambaa cha Jumapili hakifiki. Angeliacha nje kwenye mvua, lingeoza juu na angeona. Alikuwa amelihifadhi.

Nilipotoka chini ya gari alikuwa ameinama mbele, ananitazama mdomo.

"Kinaitika?"

Nilimpenda yule mzee, na dakika ile nilimchukia kwa kunifundisha kazi.

"Kimenyamaza," nilisema. Akaweka kiganja sikioni. Nikapaza sauti, "Kimenyamaza, Fundi Mkuu! Chote!" Ng'ombe wakashtuka. Mama Aikande akatoka jikoni na mwiko mkononi, na nadhani hata majirani ng'ambo ya mfereji walisikia.

Fundi Mkuu akawaangalia ng'ombe, akaangalia sakafu. "Mkojo," alisema. Kisha, "Nililiweka mahali pazuri kuliko pote."

"Pazuri ndiyo," alisema Mama Aikande, ingawa hakumsikia. "Ng'ombe wangu walibanwa, mimi nikanyamaza."

Halafu Fundi Mkuu akaniuliza jambo ambalo sikutegemea kulisikia kutoka kwake maishani. Aliuliza kwa sauti ndogo, macho yake kwenye magoti. "Tukipaka puti, litafika mjini?"

Ningeweza. Bati jembamba, puti juu yake, rangi, na Krismasi angekuwa na gari la kupendeza. Lingeondoka vizuri. Halafu kwenye korongo la kwanza lingevunjika kiunoni, na wao wawili wamo ndani. Sikuwa na nguvu ya kupiga kelele tena. Nikaokota kijiti, nikakishika mbele ya uso wake, nikakivunja katikati, kisha nikamwonyesha kwa kidole Mama Aikande.

Alikitazama kile kijiti. "Basi kata," alisema.

Nilikata. Nilikuwa nikipanda Mwika na mtungi wa gesi na mabati, nakunja kizingiti kipya kwa mkono juu ya reli ya zamani, nachomelea, nasaga. Kazi ya namna ile haikimbizwi, na mvua zilitukatiza mara kwa mara. Yeye alikaa kwenye kigoda anaangalia. Kila wiki kigoda kilisogezwa karibu zaidi na mlango wa nyumba, kwa sababu hakuweza kutembea mpaka bandani. Mwishoni alibaki kitandani.

Siku moja aliomba abebwe. Wapwa zake walimleta, wakamweka kwenye kiti cha dereva. Gari lilikuwa juu ya magogo, upande wa kulia hauna kizingiti, mlango umeegemezwa ukutani. Nikampa ufunguo. Injini ikawaka mara ya kwanza, ikatulia, kabureta zote mbili zikivuta sawasawa, mvumo mmoja. Yeye hakusikia hata kidogo. Aliweka kiganja kwenye gia, akakiacha hapo, mtetemo ukimpanda mkononi. Akaniangalia.

"Kinaitika?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilishukuru kwamba safari ile sikulazimika kumvunjia kijiti.

Alikufa kabla ya Krismasi. Magari ya ukoo yalipanda mapema mwaka ule, yakajaa barabara yote ya kihamba, na tukamzika nyuma ya banda, kati ya migomba. Lile la kijani halikuwa limesogea hata hatua moja.

Baada ya matanga Mama Aikande aliniwekea ufunguo kiganjani. "Alisema ni lako. Ila lisitoke hapa kwa kukokotwa. Lilikuja kwa kukokotwa, inatosha." Nimenyoosha magari ya watu maisha yangu yote, na hilo ndilo la kwanza kuwa langu. Sikufurahi. Nilikwenda kukaa kwenye kile kigoda nikalia, maana nilijua lilikuwa zuri kiasi gani na lilikuwa la nani.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtaniuliza nimejifunza nini. Vaeni vikinga masikio. Najua mnavicheka, nilivicheka pia. Redio yangu sasa naiweka sauti ya juu na jirani ananigongea ukuta. Ibadani nasikia mchungaji akiimba, sisikii akihubiri. Mhandisi wa Mkoa alisema nitamkumbuka, na namkumbuka.

Juzi nilimaliza kizingiti cha kulia. Nililala chali palepale kwenye samadi, na nyundo ile ile ya mpini wa mti, nikagonga. Sikusikia kitu. Nikagonga kwa nguvu zaidi. Kimya. Na sikuweza kujua kama ni chuma kilichonyamaza au ni mimi.

Mama Aikande alikuwa anakamua upande wa pili. Amesikiliza vyuma katika banda hilo miaka mingi kuliko fundi yeyote. Nikatoa kichwa chini ya gari.

"Mama, kinaitika?"

Aliacha kukamua. Nikagonga mbele, nikagonga katikati, nikagonga nyuma, macho yangu kwenye mdomo wake. Kisha akainuka, akaja akainama kando yangu, akagusa kwa kidole sehemu ya nyuma, pale bati jipya linaposhikana na la zamani, akatamka taratibu ili nimsome.

"Hapa hapana, mwanangu. Hapa kimenyamaza."

Nikavaa miwani, nikawasha grainda, nikakata.