Msusi Aliyeagwa Mapema

Jirani wa Icilda, msusi wa hapa Mandeville, aliagwa mwaka juzi kwa mchuzi wa mbuzi, muziki na machozi. Mumewe wa Kanada alikuwa ameshamwombea kibali cha kumfuata, basi msusi akagawa vyombo vyake vyote siku ileile. Uhamiaji tu ndio hawakualikwa, na mpaka leo hawajajibu. Anasuka simu ikiwa kwapani. Ikilia, vidole vinaganda kichwani mwa mteja. Koti lake la baridi linaning'inia saluni, likisubiri theluji ya Jamaika.

Kila Jumapili hubisha hodi kwa Icilda. "Shoga, naazima sufuria yako."

"Yangu? Si ulinipa wewe! Haya, mama Kanada, huko baridi inasemaje?"

Hucheka, hupika wali wake wa maharage, huirudisha ikimeremeta. Jumapili iliyopita Icilda alichoka. "Ichukue moja kwa moja bwana, hodi zako zimenimalizia mlango."

Msusi akaficha mikono nyuma. "Nikiirudisha kwangu, shoga, ina maana siendi."

Icilda, bingwa wa maneno, akaingia jikoni. Akamwongezea mfuniko.

"Na huu ni wa kuazima," akafoka. "Kesho nautaka."