Sekunde Mbili za Matombo

Siku yangu ya kwanza kazini Kihonda, Mkuu wa Ufundi hakunipa hata kiti. "Kuwasha kompyuta kila mtu anajua," alisema. "Wewe utashughulika na kuzima." Nikadhani ananidharau kwa kuwa ni mwanamke. Kumbe amenipa kazi ngumu kuliko zote.

Tulitengeneza kompyuta ndogo za kufuatilia joto la friji za chanjo. Mimi niliandika kerneli, yaani kiini cha mfumo, kinachogawa kazi na kumbukumbu ndani ya mashine. Wakati wa kuzima, kazi mbili huweza kukimbizana: moja bado inaandika vipimo, nyingine imeshaanza kubomoa mahali vinapoandikwa. Ugonjwa huu huja na kuondoka unavyotaka, na ulinitoa jasho miaka mingi.

Zahanati moja ya Matombo ikawa inapoteza vipimo vya mwisho vya siku inapozima mashine jioni, na chanjo zisizo na vipimo hutupwa. Mkuu akakata shauri. "Mhudumu wa huko anachomoa waya badala ya kuzima. Barua ya kutaka aondolewe inakwenda Ijumaa."

"Mzee, nipe mpaka hiyo Ijumaa," nikamwambia. "Nikamwone mwenyewe."

Mhudumu, Zuhura, alinipokea macho chini. "Shikamoo mama. Wallahi sichomoi."

"Marahaba. Zima nione."

Akabonyeza, akarudi nyuma, mikono kifuani. Mara kumi na moja, salama. Ya kumi na mbili vipimo vikapotea, na waya uko palepale ukutani.

Nikafungua laptopu yangu. Lo! Kosa lilikuwa langu. Zamani, nilipoona kazi zinakimbizana, niliweka amri ya kusubiri sekunde mbili kabla ya kubomoa, nikajipongeza. Kipimajoto cha friji ile kuukuu mara nyingine kilihitaji zaidi. Nikaifuta amri hiyo, nikafanya kama wenye mashine za kusaga: funga mlango kwa wateja wapya, maliza mahindi yaliyomo, hakikisha yameisha, ndipo uzime. Tukajaribu mara mia mbili bila kupoteza hata kipimo kimoja. Alhamisi nikamkabili Mkuu, nikamwambia ni mimi. Aibu niliiona, lakini barua ilichanwa.

Sasa nimestaafu, nalima mboga Mzumbe. Vijana wakija kuuliza, nawaambia wasisubiri muda. Wasubiri kazi iishe. Halafu nawasimulia siku nilipomweleza Zuhura kwamba kosa lilikuwa langu. Alisema, "Mama, mimi nilishaanza kuamini kwamba nachomoa kweli."