Ng'ombe Wapo

Nilirudi Mbeya kutoka kozi ya kompyuta nikijiona mjuzi, na ofisi ya mifugo ikanipa programu yangu ya kwanza niiandike. Mashine yenyewe ilikuwa Dar es Salaam. Sisi tulijaza karatasi, zikasafiri kwa basi, habari zake zikatobolewa kwenye kadi, na baadaye ikarudi orodha ya wafugaji wa kupelekewa chanjo ya homa ya mapafu. Programu ilikuwa fupi: soma idadi ya ng'ombe. Ikizidi sifuri, mfugaji apewe chanjo. Isipozidi, arukwe.

Karatasi za wafugaji wa Usangu zilinitoa jasho. Penye idadi, makarani wameandika "wapo"! Watoboa kadi huko Dar, wasipoona tarakimu, waliacha wazi, na mashine huisoma nafasi wazi kuwa sifuri. Nikapanda gari hadi Igawa, huko huko Usangu, kwa mzee mmoja aliyehamia na mifugo yake kutoka kaskazini. Kwa jirani yake ng'ombe walikuwa wameshaanza kufa.

"Shikamoo, baba. Una ng'ombe wangapi?"

"Marahaba. Wapo."

"Wapo wangapi? Hamsini? Mia?"

"Mwanangu, ng'ombe hatutaji hesabu yao, ni mkosi. Kwenu mmezaliwa wangapi?"

Mama yangu kule Iringa naye, akiulizwa idadi ya watoto wake, hujibu, "Wapo, Mungu kanijalia." Nilikasirika zaidi kwa kuwa hata kwetu ni hivyo.

"Bila namba, baba, chanjo huipati."

"Njooni nayo tu. Nitawaleta barabarani muwahesabu wenyewe. Macho si mnayo?"

Jibu hilo lilinitosha kabisa. Nikarudi mbio kwa bosi: tuongeze njia ya tatu, asiyetaja idadi tukamhesabie papo hapo. Akasema programu imeshapitishwa, nisimletee mambo ya vijijini. Nilitamani kumtupia karatasi zake usoni.

Siku ya chanjo nilikuwa kwenye lori. Mzee alisimama kando ya barabara kama alivyoahidi, ng'ombe wamejaa mpaka kwenye lami, na wanawe wamewapanga ili tuhesabu bila taabu. Dereva akapiga honi wapishe. Nikamshika mkono bwana mifugo.

"Mwambie dereva asimame! Huyu mzee ni wetu."

Akapitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini.

"Huyu hana ng'ombe," akasema, na lori likaendelea kupiga honi katikati ya ng'ombe wake.