Usimwite Mtu Aliyeshika Kamba

Mwanangu, jana nilikuona ukishuka gatini na simu yako kupiga picha boti, nikakosa raha mpaka uliporudi. Kaa kidogo nikwambie kwa nini.

Siku ninayoikumbuka, nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili. Familia yetu ilikuwa imerudi nchini kutoka Karagwe na kuhamia hapa Gisenyi, kando ya ziwa, nami nilikuwa nikipiga picha za harusi na ubatizo kwa kamera ya filamu. Lakini nilichopenda hasa ni vyombo vya kazi: mitumbwi ya kuvulia sambaza, hawa dagaa wetu wa ziwani, iliyofungwa mitatu mitatu, mashua za mizigo za kwenda Goma, na zaidi ya yote boti moja fupi, nene, iliyokuwa ikivuta tishari la mchanga, chombo bapa kisicho na injini. Ilikuwa imejaa kutu. Sijui niliipendea nini.

Asubuhi ile boti ilikuwa inaingia. Kijana mmoja wa kazi, Faustin, alisimama nyuma akishughulika na kamba ya tishari. Mwanga ulikuwa mzuri, ila alikuwa ameinama. Nikapaza sauti: "Faustin! Tazama huku!"

Akatazama, akatabasamu. Nikabonyeza. Papo hapo tishari likayumba, kamba ikakaza ghafla, ikamnasa mkono na kumtupa majini, kati ya boti na tishari.

Mwanangu, Mungu akuepushe na kutazama maji ukingoja kichwa cha mtu. Kapiteni alizima injini. Wanaume walilisukuma tishari kwa miti, wakipiga kelele. Mimi nilisimama na kamera shingoni, sikuweza hata kulia. Mwishowe aliibuka upande wa pili, mkono umevunjika.

Tangu hapo sikulala vizuri. Kapiteni aliwaambia watu kwamba Faustin alikuwa mzembe, labda amelewa, na hatapanda tena boti yake. Nilisikia, nikanyamaza. Kila aliyebisha hodi nilidhani amekuja kunikamata. Filamu iliposafishwa nikaiona picha: Faustin ananitazama mimi, anacheka, mkono uko kwenye kamba. Niliificha chini ya godoro.

Siku ya nne nilikutana na Mama Zawadi, muuza samaki mwenye Kiswahili cha upande wa Goma, aliyekuwa akianika sambaza karibu na gati.

"We binti, ulishaenda kuona Faustin?"

"Bado, mama."

"Bado? Mi nilikuwa pale, nilisikia sauti yako. Ule mutu alikuwa anaangalia kamba yake, njo wakati we ukamuita. Sasa kazi yake inaisha, na we unanyamaza. Bon, haya, nani atasema? Mi ama we?"

Hakupandisha sauti. Aliendelea kugeuza samaki wake, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Nilimpelekea kapiteni picha. Nikamwambia yote. Aliitazama, akanirudishia, akasema, "Toka kwa gati yangu. Nisikuone tena hapa." Lakini jioni hiyohiyo alituma mtu kumwambia Faustin kwamba kazi yake inamngoja.

Kesho yake nilikwenda Nyakiriba, kwao Faustin, kuomba msamaha. Nilitarajia matusi. Akaniambia, "Mi nilifurahi kuitwa, njo maana niligeuka. Lakini siku zote hizi nilikuwa nawaza peke yangu kama niko mujinga. Ungekuja mapema."

Alirudi kazini mkono ulipopona, akawekwa kwenye usukani, kwa sababu vidole viwili havikukunjika tena kushika kamba. Nilikuwa nikimwona kwa mbali, naye alinipungia. Mimi ndiye niliyeinamisha uso.

Basi, mwanangu, piga picha zako, sikukatazi. Mtu akiwa kazini, subiri amalize, au mpige jinsi alivyo, ameinama. Usiyatake macho yake, maana yana kazi nyingine ya kumlinda. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Usimwachie aliyeumia abebe na lawama yako, halafu mtu mwingine aje akusukume kusema kama nilivyosukumwa mimi.

Mungu akupe jicho zuri na moyo wa kusema kweli. Na wote wanaofanya kazi ziwani awarudishe kwao wazima, wewe ukiwemo.