Uso Nyuma ya Cheche

Nakumbuka mchana ule, mwanangu, tulipoziba madirisha ya darasa kwa mikeka ili tuzitazame cheche za mume wangu.

Hamisi alikuwa mhunzi wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Tingi, pwani ya kusini. Nyumba mpya zilijipanga karibu karibu, makuti kwa makuti, na paa la jirani likashika moto. Wazee wakasema ni cheche za Hamisi, afunge kazi. Kumfungia ilikuwa sawa na kumkata mikono, na majembe yetu yangefuliwa na nani?

Ndipo akaja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kuzichunguza cheche hizo, na kamera inayopiga picha nyingi mno kufumba na kufumbua.

"Wewe fua kama siku zote, fundi," alimwambia. Hamisi akafua.

Filamu iliposafishwa, mtaalamu alirudi akaionyesha kwenye ukuta wa darasa. Cheche tulizozoea kuziona kama michirizi tu, sasa zilielea polepole, moja moja, kama vimulimuli. Kila mara alisimamisha picha, akatia alama ya chaki pale cheche ilipofika, mpaka ilipofifia. Zote zilizimika kabla ya kufika uzio wa karakana yake Hamisi, isipokuwa zilizochukuliwa na upepo wa bahari.

"Jengeni ukuta wa udongo upande huu," akasema. "Fundi aendelee."

Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nimezikodolea macho zile alama za chaki. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, akanifinya.

"Zainabu, cheche zina wa kuzifuata. Wewe mtazame anayefua."

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na hadi leo namwombea dua aliyeniambia. Nikamsihi mtaalamu arudie. Nyuma ya moto, Hamisi alikuwa akiinua uso taratibu, tabasamu likianza pembeni mwa mdomo, likipanda hadi machoni. Alinitazama mimi, niliyesimama na ndoo ya maji karibu na kamera. Siku ile yenyewe ya kufua lilipita, sikuliona.

Ukuta ukajengwa. Masika yaliyofuata homa ikamchukua Hamisi. Filamu ilikwenda na yule mtaalamu, sijui iko wapi, na picha nyingine ya Hamisi sina. Nikisikia nyundo ikigonga popote, hugeuka.

Basi, mwanangu, mtu wako angali mbele yako, mtazame. Kazi haziishi, na maneno ya watu hayaishi, yeye ataondoka. Mola akujalie macho yasiyo na haraka, akuachie uwapendao hata uwashibe, ijapokuwa hawashibiki. Amin.