Wa Kulia Anajua, wa Kushoto Hajui

Kila asubuhi, kabla sijasema lolote, darasa langu la tano hufunga vitabu. Naandika swali la jana ubaoni, kila mtoto anajibu bila kuchungulia. Wakikosea tunacheka, tunarekebisha.

Jumatatu ile mlango ukasukumwa pwaa! Mwalimu Mkuu, Bi Khuê.

"Diễm, mdogo wangu, acha hayo. Wageni wa wilaya wanakuja kuona mbinu mpya. Tufanye mazoezi."

"Lakini dada, mbinu mpya ndiyo hii."

"Hii ya kukosea-kosea? Wee, utatuaibisha!"

Akawageukia watoto. "Mkiulizwa, wote mnanyosha mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mwalimu atachagua wa kulia tu. Tumeelewana?"

"Ndiyooo!"

Wiki nzima tukakariri somo moja. Swali lilelile, jibu lilelile, mpaka mate yakaniwia machungu. Na mimi, mwoga wa kuzaliwa, nikatii.

Aliyeniuma moyo ni mwanafunzi wangu Nhàn. Mama yake anauza tambi pale sokoni Sa Đéc. Hesabu za sehemu zilikuwa zinampiga chenga, lakini zile asubuhi zilishaanza kumfungua mdomo.

Sasa kapangiwa kushoto.

Siku ikafika. Na mgeni mkuu ni nani? Bwana Tưởng! Yuleyule aliyetufundisha chuoni kwamba mtoto hujifunza kwa kuhangaika kukumbuka, hata akikosea.

Nikashusha pumzi. Huyu atanielewa.

Nikauliza: nusu ukijumlisha na theluthi ni ngapi?

Mikono yote juu. Nikaipita ya kulia yote.

"Nhàn."

Akasimama. "Mwalimu, mimi ni wa kushoto."

Uso wa Bi Khuê ukaiva kama pilipili.

Bwana Tưởng akaangua kicheko. "Jamani, bado mko kwenye mambo ya mikono? Siku hizi wasiojua tunawaacha nyumbani!"

Walimu wenzangu wakacheka naye. Wengine wakapiga na makofi.

Nhàn akakaa, akauficha mkono chini ya dawati kana kwamba umeiba.

Nikaweka chaki mezani. Nikamgeukia Bwana Tưởng.

"Mwalimu, ulinifundisha wewe mwenyewe. Huyu hajui, ndiyo maana yuko shuleni. Akikosea, ndipo nitajua pa kuanzia. Nhàn, simama mwanangu. Mkono wowote. Jaribu."