Sarafu Inaingia na Mimi, Inatoka na Mimi

Adolphine Bulonza anatengeneza miavuli pembeni ya soko la Nyawera tangu mume wake alipofariki, na mvua ya Bukavu haijawahi kumnyima kazi. Ana koleo mbili, nyaya, sindano nene na kiti kidogo cha mbao. Mwavuli wa mtu haupokei hivi hivi. Anakata kitambaa vipande viwili, kimoja anafunga kwenye mpini, kingine anampa mwenyewe arudi nacho. Wengine wanamcheka. Yeye hajali. Mwaka aliofiwa, bwana mmoja aliyevaa vizuri alimwomba karatasi za shamba lao la Luvungi akazihakikishe tu, siku mbili hivi. Hakuziona tena, na shamba leo linalimwa na watu asiowajua.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mvua iliangusha ukuta wa nyuma ya nyumba yake kule Bagira, kwenye kiwanja alichorithi kwa baba yake. Alipokuwa anaondoa matope, jembe liligonga kopo lililooza. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa sarafu moja kubwa, nzito, iliyoingia weusi. Upande mmoja kichwa cha mzungu mwenye ndevu ndefu. Upande wa pili simba wawili na mwaka: 1887.

Mdogo wake Fabien, aliyekuja kusaidia kujenga, aliichukua na kukimbilia jikoni. Adolphine alimkuta ameshika ndimu na majivu, anasugua.

"Yaya," alimwambia dada yake, "nataka ing'ae. Iking'aa tutauza muzuri."

"Acha! Unajua nini iko chini ya huo weusi?"

Aliinyakua. Kwenye ukingo palikuwa tayari na doa jeupe, upana wa ukucha. Miaka yote ya kushika vyuma ilimfundisha kwamba chuma ukishakikwangua hakirudi kilivyokuwa. Alimwambia Fabien maneno ambayo siku hiyo hayakuwa ya kidada.

Wiki iliyofuata aliipeleka kwa Isidore, mnunuzi wa vito mjini. Isidore aliiweka kwenye mizani, gramu ishirini na tano kasoro kidogo. Akaisogezea sumaku; haikushika. Akaigeuza mara tatu, halafu akaguna.

"Iko fausse, ya bandia, maman. Lakini acha hapa, patron wangu, mukubwa wa hapa, ataangalia. Utarudia kesho."

"Kama iko fausse, patron wako atafanya nayo nini?"

Isidore alikuwa ameifumbata sarafu mkononi. Adolphine alisimama katikati ya mlango, akaongea kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia:

"Papa Isidore, fungua mukono. Nilikuja na kitu yangu, nitaenda na kitu yangu. Ukiwa na maneno ya kuniambia, niambie mbele ya hawa batu."

Wateja wawili waligeuka. Motari mmoja, dereva wa teksi ya pikipiki, aliyekuwa nje alizima injini ili asikie vizuri. Isidore alicheka kicheko kikavu, akaweka sarafu juu ya meza.

"Asante ya kuipima," Adolphine alisema, akaondoka.

Njia nzima mpaka Bagira hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu. Alijiambia kwamba safari hii hakuna mtu atakayemhakikishia kitu chake mahali asipokiona.

Mpwa wake Charlène ana studio ndogo ya picha. Aliipiga picha sarafu pande zote mbili na ukingo, rula ikiwa pembeni, halafu akampiga picha shangazi yake akiishika mkononi. Alitaka kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

"Ukituma huko, wezi watafika mbele ya wanunuzi," Adolphine alimwambia. "Tafuta wale wenye kuijua, batu wa kazi."

Charlène aliandikia nyumba mbili za Ulaya zinazouza sarafu za zamani kwa mnada. Zote zilijibu jambo moja: uzito unafaa, msiisafishe, lakini za bandia ni nyingi na picha haitoshi, itumeni kwa posta. Adolphine alikataa. Charlène alijaribu kumweleza kwamba watu wengi hutuma.

"Batu wengi walitoa karatasi za mashamba yao vile vile," alijibu. "Andika: sitatuma. Mwenye kutaka kuiona ataiona mbele yangu."

Nyumba ya kwanza ilinyamaza. Ya pili ilijibu kwamba mtaalamu wao, bwana Mardochée, ana ofisi Kigali, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Bukavu. Hata hapo Adolphine hakuridhika. Namba iliyokuwa kwenye ujumbe hakuipiga; alimwambia Charlène atafute namba ya ile nyumba kwenye tovuti yao, wakawaulize kama huyo mtu ni wao kweli. Walisema ni wao. Kisha alienda kwa notaire, afisa anayethibitisha hati, akapata picha ya sarafu iliyogongwa muhuri, jina lake kama mwenye mali likiwa chini. Siku ya safari hakumwambia mtu ila Charlène, na hata Fabien alidhani dada yake yuko Nyawera kwenye miavuli yake.

Mpakani alionyesha sarafu na ile karatasi yenye muhuri, wakamwacha apite. Kigali, Mardochée alimpokea kwa Kiswahili cha nyumbani, akavaa glavu, akanyoosha mkono.

"Mashine iko mu chumba ya nyuma, maman. Ningojee hapa dakika kumi."

"Hapana, papa. Inaingia na mimi, inatoka na mimi."

"Wateja hawaingiake kule."

"Basi leta mashine hapa. Ao nirudie Bukavu saa hii."

Mardochée alimtazama, akatazama ngumi aliyoifunga Adolphine juu ya sarafu, akawapigia simu wakubwa wake. Baada ya muda alimfungulia mlango wa chumba cha nyuma.

Adolphine alisimama karibu na meza kana kwamba anasimamia upasuaji wa mtoto wake. Aliona uzito, aliona kipimo cha upana, aliona mashine ikiandika kwamba ni madini ya fedha. Mardochée aliinama na lenzi yake muda mrefu sana, herufi moja moja.

"Iko ya kweli," alisema mwishowe. "Lakini hapa mutu alisugua. Hiyo inashusha bei."

"Huyo mutu ninamujua."

Alimshauri aiache, mnada ulikuwa karibu. Adolphine aliomba kwanza cheti chenye picha, sahihi na jina la mwenye mali. Alipokipata alikisoma neno kwa neno, akafunga sarafu katika kitambaa laini, akaaga.

"Batu wengi wanauzishaka siku ile ile, maman."

"Mimi siko batu wengi."

Sasa sarafu iko kwenye sanduku la kuhifadhia mali alilokodi, na hasemi ni wapi. Mwezi uliopita ukoo ulimwita kwenye kikao; Fabien alisema ni mali ya wote, iuzwe kabla ya Noeli. Adolphine alimpa cheti akisome kwa sauti. Alipofika kwenye jina la mwenye mali alimwambia arudie, na safari ya pili asitafune maneno. Kisha akawaambia wote kwamba siku atakayoamua kuuza atauza mchana, mbele ya watu, na bei ataisema yeye.

Akachukua cheti chake, akaenda kazini, kwa sababu nje mvua ilikuwa imeanza.